Levodopa na kabidopa 25/250: dawa nzuri, kidonge kigumu kukitumia

Levodopa haifufui seli iliyokufa. Hilo lisemwe mapema, maana wengi wanaonunua boksi la kwanza Moshi mjini au Arusha hukaa wakisubiri ugonjwa upone, na usipopona wanasema dawa ni feki. Kazi ya kidonge hiki ni kujaza pengo. Katika kazi hiyo, kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo, kukakamaa na mwendo wa polepole, hakuna dawa ya kumeza iliyokishinda tangu mwaka 1967, daktari George Cotzias alipoonyesha kwamba levodopa ikipandishwa taratibu hadi dozi kubwa huwainua watu waliokuwa wamekakamaa vitini. Dawa yenyewe tunaipa alama za juu. Kidonge cha 25/250 tunakipa za wastani, na bahasha inayoandikwa "1 x 3" bila neno lingine haistahili hata moja.

Tuanze na namba. Ya kwanza ni miligramu 25 za kabidopa, ya pili miligramu 250 za levodopa. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuka dopamini, kemikali inayoongoza mwendo, ile ambayo seli za substansia nigra, sehemu ndogo ndani ya ubongo, zilikuwa zikiitengeneza kabla hazijaanza kufa. Ikigeuka mapema, ikiwa bado tumboni au kwenye damu, haiusaidii ubongo. Huleta kichefuchefu na kushusha presha. Kabidopa yenyewe haiingii kwenye ubongo, na ndiyo maana inafaa kwa ulinzi: inazuia kule kugeuka mapema. Lakini ulinzi huo unahitaji kama miligramu 70 hadi 100 za kabidopa kwa siku.

Piga hesabu. Mgonjwa anayeanza kwa nusu ya 25/250 mara tatu anapata miligramu 375 za levodopa, lakini kabidopa ni 37.5 tu, yaani nusu ya ulinzi. Anatapika wiki ya kwanza, familia inasema dawa imemkataa, boksi linabaki kabatini. Kidonge cha 25/100 mara tatu kinampa kabidopa 75 na levodopa 300, na tumbo linatulia. Kwa hiyo famasi ikikwambia ipo 25/250 tu, usikate vidonge kwa kubahatisha. Rudi kwa aliyeandika cheti au ulizia famasi nyingine. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, ulipitia watu 161,071 na kukuta wagonjwa 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao unaitwaje. Ugonjwa unaoitwa "uzee tu" haununuliwi dawa, na kisichonunuliwa hakipangwi kwenye rafu kwa saizi tatu.

Kuna na mtego wa maboksi. Baadhi ya watengenezaji huandika jumla badala ya namba mbili: 275 ni 25/250, 125 ni 25/100, na 110 ni 10/100. Hiyo 110 ndiyo mbaya kuliko zote kwa anayeanza, kwani vidonge vitatu vinampa kabidopa 30 tu. Aliyezoea 25/100 akabadilishiwa 25/250 na kuendelea na "kimoja mara tatu" amepandishwa dozi mara mbili na nusu bila mtu kukusudia: mwili unajinyonganyonga, anaona watu wasiokuwepo, anaanguka akisimama. Soma miligramu za kila kiambato nyuma ya boksi, usiishie kwenye jina.

Sasa chakula, maana hapa ndipo dawa nyingi nzuri inapopotea. "1 x 3" kwenye bahasha husomwa asubuhi, mchana na usiku pamoja na mlo. Levodopa hupita ukutani mwa utumbo kwa mlango uleule unaotumiwa na protini iliyokwisha kusagwa, na mlango huo ni huo huo tena kwenye ubongo. Sahani ya kiburu yenye maharage ya kutosha, mtori wenye nyama, au bakuli la loshoro lenye maziwa mgando vinatangulia, dawa inabaki foleni. Meza nusu saa kabla ya kula, au saa nzima baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Kichefuchefu kikisumbua siku za mwanzo, ndizi ya kuchemsha au kipande cha mkate mkavu vinaruhusiwa; maziwa hapana. Hakuna sababu ya kumnyima mzee nyama. Nyingi isogezwe mlo wa jioni. Vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma, vitenganishwe na levodopa kwa saa mbili au zaidi, kwani chuma huing'ang'ania. Choo kigumu nacho kitibiwe: tumbo linalosukuma polepole huchelewesha dawa kufika inakonyonywa.

Baada ya miaka kadhaa malalamiko hubadilika: "Zamani kidonge kilinishika hadi mchana, sasa saa tatu zikipita nimeganda." Dawa haijachakaa. Dalili zinapojitokeza, zaidi ya nusu ya dopamini ya eneo linaloongoza mwendo imeshapotea. Seli zilizobaki mwanzoni huweza kuiweka akiba na kuitoa kidogokidogo, ndiyo maana dozi tatu hutosha. Kadiri zinavyozidi kufa, na ndani yake zikijazana protini ya alfa-sinyuklini, ghala linapungua. Mwishowe mgonjwa anaishi kwa kilichomo kwenye damu, na levodopa ikiwa na kabidopa hupungua kwa nusu katika dakika 90 hivi. Mara nyingi daktari hapandishi dozi ya mara moja. Anasogeza saa: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 alasiri, saa 1 usiku. Andikeni saa kwa maneno. Cheti cha "7, 11, 3, 7" kimeshawachanganya watu wa saa za Kiswahili.

Je, dawa yenyewe ndiyo inayoua seli? Swali hili huwafanya watu wacheleweshe matibabu hadi mgonjwa ashindwe kufunga vifungo vya shati. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 445, liliwalinganisha walioanza mapema na waliochelewa wiki 40. Ilipofika wiki ya 80 makundi yalikuwa sawa. Dawa haikuharakisha ugonjwa, wala haikuuchelewesha. Kuvumilia bila dawa hakuokoi seli.

Vidonge vya "kulisha ubongo" vinavyouzwa kando yake havijafanya vizuri: vitamini E, koenzaimu Q10 na kriatini zote zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi na hazikupunguza kasi ya Parkinson. Weka pesa hiyo kwenye 25/100.

Unga wa upupu ni habari nyingine, na tusiudharau. Mbegu zake zina levodopa halisi, asilimia 4 hadi 6 hivi. Gramu 10 zenye asilimia 5 ni miligramu 500, ila bila kabidopa zinafanya kazi ya kama miligramu 125 za kidonge, na kichefuchefu juu. Shida ni kwamba kopo la sokoni halikuambii asilimia ngapi, na mbegu za mavuno mawili hazilingani. Kuuchanganya na vidonge kimyakimya ndiko hatari.

Akitapika, asipewe Plasil. Metoklopramidi iliyomo huziba milango ya dopamini kwenye ubongo na kumgandisha zaidi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, hufanya vivyo hivyo, kwa nguvu kubwa kuliko hiyo. Daktari anaweza kumwandikia domperidoni, dawa nyingine ya kichefuchefu, akishaangalia moyo. Mkojo au jasho likiwa na weusi, ni rangi ya dawa tu. Vidonge vyenyewe vikianza kuwa na madoa meusi vimeingia unyevu, vitupwe. Visikae dirishani wala jikoni karibu na jiko.

Mwisho, msikatishe ghafla. Kuacha kwa siku chache kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakoua. Vidonge vinne kwa siku ni 120 kwa mwezi, pakiti 12 za vidonge kumi kumi. Mnaompeleka mzee Rombo au Machame kula Krismasi, nunueni za wiki sita kabla ya tarehe 10 Desemba, na muweke nusu kwenye begi lake na nusu kwa anayesafiri naye.