Tochi za disko: uzoefu wangu wa mwaka na nusu, Msangamkuu

Nakaa Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini. Mchana nipo sokoni mjini, na zile siku za giza, mwezi usipokuwepo, natoka na mjomba kwenye boti yake kuvua. Kwa hiyo tochi kwangu ni kama viatu. Nashukia nayo ufukweni, napitia nayo kwenye mikoko, namulikia nyavu, na umeme ukikatika ndiyo taa ya nyumbani. Ndani ya mwaka na nusu nimenunua tochi tatu, na zote tatu zina ule mwanga wa kuwaka na kuzima ambao watoto wa huku wanauita disko. Watu wananiuliza kama una faida au ni kero tupu. Nimekutana na yote mawili, ila kero ilitangulia.

Ya kwanza niliinunua 9,500, haina jina la maana, bomba jeusi la bati na swichi moja ya mpira kwenye kitako. Ukibonyeza unapata mwanga mkali, ukigusa tena wa kati, ukigusa tena hafifu, halafu disko, halafu SOS, yaani mwanga wa kuomba msaada, ndipo unarudi mwanzo. Yaani ukiwa kwenye mwanga hafifu na unataka mkali, huna njia ila kupitia disko na SOS kwanza. Na ina tabia nyingine mbaya zaidi: ukiizima kisha ukaiwasha, haianzi mwanzo, inaruka kwenye hatua inayofuata. Leo inawaka vizuri, kesho hafifu, keshokutwa unatoka mlangoni usiku kuangalia kuku wanalilia nini, unakutana na disko usoni.

Hilo la kuku ningelisamehe. Lisilosameheka lilitokea baharini. Mjomba alikuwa anavuta mshipi, samaki akakata kona, ndoana ikamwingia kwenye nyama ya chini ya dole gumba, ikazama hadi kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke kikapotea ndani. Ndoana ya namna hiyo hairudishwi nyuma, inachana nyama. Inasukumwa mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, kijino kinakatwa kwa koleo, ndipo unairudisha ilikopita. Mjomba aliuweka mkono juu ya goti langu, mimi nimeshika koleo, tochi nimeibana kwapani. Ncha ilikuwa imeshaanza kuinua ngozi, nyeupe kama punje ya mchele. Nikataka mwanga uongezeke kidogo tu, nikaigusa swichi.

Disko likaanza. Mwenye kulijua mchana hajalijua. Kwenye giza la bahari, mwanga unaowaka na kuzima mara kumi hivi kwa sekunde unafanya kila kitu kionekane kinaruka. Koleo nililoliona hapa, likionekana tena liko pengine, na dole gumba vilevile, na boti nayo inacheza. Nikagusa tena, ikaja SOS. Nikagusa tena kwa haraka, sijui nimegusa mara ngapi, likarudi disko lilelile. Mjomba hakupiga kelele, alisema tu, "Zima hiyo, mwanangu. Zima kabisa." Kazi tuliimaliza kwa taa ya simu aliyoishika baharia mwenzetu. Damu ilikuwa nyingi kuliko ilivyopaswa, na mpaka leo nikiliona lile kovu naikumbuka swichi ile.

Sasa mtu atasema: hiyo ni hitilafu ya swichi, disko lenyewe lina kosa gani? Ni kweli. Ndiyo maana naileta hadithi ya pili.

Tochi ya pili nilitoa 35,000. Ilikuwa wakati wa kusi, tulikuwa nje ya ghuba, mashine ikagoma kabisa na mkondo unatusukuma. Nanga ilishika, ikaachia, ikashika tena. Simu hazikupata mtandao. Kwa mbali kulikuwa na boti ya wavuvi wa dagaa, taa zake zinaonekana wazi. Nikasema hapa ndipo SOS ya tochi itakapofanya kazi yake. Nikaiwasha, nikaielekeza kwao, mikono yangu haitikisiki. Fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Dakika kumi nzima. Ile boti ikamaliza shughuli yake, ikang'oa, ikaondoka.

Mjomba akaichukua tochi, akaiweka kwenye mwanga wa kawaida, akasimama, akawa anaipandisha juu ya kichwa na kuishusha hadi magotini, polepole, mkono wote umenyooka. Boti nyingine iliyokuwa inarudi pwani ikageuza. Walitufunga kamba, wakatuvuta. Kesho yake tulikutana ufukweni na wale wa boti ya kwanza, tukawauliza. Nahodha wao alisikitika kwa dhati. "Poleni sana. Mwanga tuliuona, tukajua tochi yenu inaisha chaji."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Hakuna aliyefanya ubaya. Kwetu tochi inayowaka na kuzima ni tochi yenye betri mbovu, au ni mtoto anachezea. Alama ya hatari inaokoa pale tu anayeiona anapoijua.

SOS yenyewe ni alama ya telegrafu. Mkutano wa kimataifa wa Berlin wa mwaka 1906 uliikubali, ikaanza kutumika rasmi mwaka 1908, na ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuitambua. Herufi zake si kifupi cha maneno yoyote. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinaitaja miongoni mwa alama za dhiki, kwa njia yoyote ya kuashiria, tochi ikiwemo. Kwa hiyo afisa aliye zamu kwenye meli kubwa inayokuja bandari ya Mtwara kupakia makaa ya mawe au korosho ataielewa. Kanuni hizohizo zinataja pia kunyoosha mikono pande zote mbili na kuipandisha na kuishusha polepole, mara kwa mara. Nilipolisoma hilo nilimwona mjomba amesimama kwenye boti. Na zinasema jambo jingine ambalo wauza tochi hawalisemi: chombo kinachotaka tu kuvuta macho ya chombo kingine kiepuke taa kali za kumwekamweka. Disko la kasi, basi, baharini si lugha ya mtu yeyote.

Tangu siku ile boti yetu na boti tatu tunazovua nazo tumekubaliana. Mwanga wa kupanda na kushuka polepole, njoo. Na nimewafundisha fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, ndefu ikiwa mara tatu ya fupi. Tulikaa kwenye mchanga jioni mbili tukifanya mazoezi. Sasa ile SOS ya tochi yangu ina maana kwa watu wasiopungua kumi na tano, na kwa hao ina thamani kubwa.

Nchi kavu mambo ni tofauti kidogo. Niliwahi kupanda lori la korosho kutoka Masasi, tairi likapasuka usiku mahali penye kona. Dereva alikata matawi akayatandaza barabarani kama wanavyofanya wote, mimi nikaiweka kando ya matawi ile tochi yangu ya tatu, ya kuvaa kichwani, ambayo ina taa nyekundu inayowaka na kuzima taratibu, mara moja kwa sekunde. Magari yalipunguza mwendo kutoka mbali kabisa. Hapo niliipenda kwa moyo wote. Lakini angalia: nyekundu, na taratibu. Ukiliweka disko jeupe kali mbele ya dereva anayekuja, unampofusha, na anashindwa kukadiria uko umbali gani. Bodaboda wanaofunga tochi za disko mbele ya usukani nawaomba waziondoe.

Na nyumbani, tafadhali, msiwape watoto disko walichezee umeme ukikatika. Jirani yetu ana binti mwenye kifafa. Si kila kifafa huamshwa na mwanga, ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa, lakini kwa hao mwanga wa kuwaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio wenye hatari, na disko la tochi nyingi limo humo humo. Watoto wetu walikuwa wanaimulikia dirisha lake wakicheka, hawajui. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mama yake.

Hiyo tochi ya pili, ya 35,000, ndiyo ninayoipendekeza, na sababu ni swichi. Kugusa mara moja moja kunazungusha mwanga wa kawaida tu, mkali, wa kati na hafifu. Disko na SOS zimefichwa: lazima ubonyeze mara mbili haraka. Kwa miezi yote hii haijawahi kuniingia kwa bahati mbaya, hata mikono ikiwa na ute wa ngisi. Kasoro yake ni moto: kwenye mwanga mkali kichwa chake kinaunguza baada ya dakika ishirini hivi.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji atie betri, kisha ibonyeze mwenyewe mara kumi huku ukihesabu. Izime, iwashe, uone inaanzia wapi. Kama disko limo kwenye mzunguko wa kawaida, irudishe juu ya meza. Usidanganyike na maandishi ya betri pia. Ile betri nene ya kuchaji inayoitwa 18650 haizidi sana mAh 3,500, kile kipimo cha chaji inayobeba, hata ikiwa nzuri. Iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu, na siku ya dhiki ndiyo utakayoujua.

Ile ya kwanza sikuitupa. Nilimpelekea fundi redio mjini, akaifungua kichwa, akanionyesha kisahani chenye kidude cheusi kinachoendesha hizo hatua zote, akakiruka kwa waya na kizuizi kidogo cha umeme. Alinitoza 3,000. Sasa ni kuiwasha na kuizima basi, mwanga mmoja. Mjomba ameichukua, anaifunga kwa kamba kwenye ubao wa boti, karibu na alipo mkono wake wa kulia.