Miwani ya bei ya mzawa: uzoefu wangu wa kusnokeli Mnemba

Nianze na kilichoniuma maana kila nikikumbuka kifua kinapanda moto. Tuko Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Zanzibar mbele ya ufukwe wa Matemwe, tumeenda kusnokeli, yaani kuelea kifudifudi na miwani na mrija wa kupumulia unatazama chini ya bahari, boti imetia nanga, maji yametulia mpaka mchanga wa chini unauona, namwambia kijana muongozaji kwa heshima zote, kaka samahani hii miwani inavuja, naomba unibadilishie. Hata hajageuka. Yupo amepiga magoti anamvalisha mgeni mapezi ya miguuni, akanijibu hukohuko aliko, "Dada, bei ya mzawa ndo inakuja na miwani hiyo."

Watu wote wanasikia. Ukimtoa yeye, waliojua Kiswahili kwenye ile boti tulikuwa mimi, mdogo wangu, nahodha na baharia mmoja mzee, na wote wanne tukanyamaza.

Kampuni siitaji. Ilikuwa mwaka jana au mwaka juzi, msimu wa upepo wa kaskazi unaishiaishia, bahari shwari kabisa. Mdogo wangu alikuwa kamaliza fomu siksi, nikamwambia nakupeleka Zanzibar ukaone chini ya bahari, kwa hiyo ile safari ilikuwa zawadi yake, na hicho ndo kinaniuma mara mbili kwa sababu yeye ndo alimuuliza yule kijana, "Mimi nifanyeje, sijui kuogelea vizuri?" akaambiwa, "We kaa kwenye ngazi ushike kamba, nyie mnakujaga kupiga picha tu." Na msije mkadhani ni mambo ya bara na visiwani, hapana, yule kijana lafudhi yake ya Dar kama yangu, pengine tumekulia mitaa ya jirani. Ndo maana imenichoma vile.

Ila hili niliweke sawa, mimi sikuomba cha bure. Bei ya mkazi na bei ya mgeni wameandika wenyewe, ukutani pale ofisini kwao, kwa kalamu ya wino mwekundu. Kama bei ya mkazi haitoshi kupata miwani nzima basi waandike hapohapo chini, mkazi utapewa mbovu, mtu aamue akiwa nchi kavu.

Sasa hiyo miwani yenyewe. Ule mpira laini unaokaa usoni ulikuwa umeshakauka, umekuwa mgumu kama soli ya kandambili ya zamani, na pale kwenye pua una ufa mwembamba ambao ukiubonyeza unafunguka. Mrija nao, ile sehemu ya kung'ata ilishaliwa na meno ya watu, imebaki upande mmoja. Yule kijana akaniambia ni rasta zako hizo ndo zinaingiza maji. Kweli nywele zikikaa chini ya mpira maji yanapita, hilo sikatai, lakini nilishazifunga zote nyuma na kitambaa, sikuacha hata moja mbele. Nikashuka hivyohivyo kwa hasira. Sekunde kumi tu, maji ya chumvi yameshafika puani, macho yanawaka, nakohoa kwenye mrija, nikapapatika mpaka nikashika ngazi kwa kucha. Nikapanda nikakaa kwenye benchi nikalia, na sioni aibu kusema nililia.

Hapa ndo inabidi nimtaje yule mzee baharia, na hapa ndo rivyu yangu inaanza kunichanganya mwenyewe.

Kazi yake pale ilikuwa nanga na kufua maji yanayoingia kwenye boti, kutwa nzima hajaongea. Akaja akakaa pembeni yangu, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Akaingiza mkono chini ya benchi akatoa mfuko wa rambo, ndani mna miwani ya kuzamia ya wavuvi, kioo kimoja kipana, mpira mweusi mnene, na kamba ya kufungia kichwani imekatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Yake mwenyewe, ya kuzamia pweza. Akasema, "Iweke usoni, usifunge kamba. Vuta pumzi kwa pua. Ikikuganda yako hiyo. Isipokuganda mwachie mwenyewe."

Nikaiweka, nikavuta kwa pua, ikaganda. Nikaachia mikono, haikudondoka.

Jamani, hicho kipimo kinachukua sekunde tatu. Kingefanyika ufukweni Matemwe kabla hatujapanda boti, kwa kila mtu, mzawa kwa mgeni, na mimi leo nisingekuwa naandika haya.

Akanifundisha na mengine. Tema mate ndani ya kioo, sugua kwa kidole, suuza kidogo, kioo hakipati ukungu. Maji yakiingia kwenye mrija usiogope, puliza kwa nguvu mara moja yatoke kwa juu. Mzee akamvalisha mdogo wangu jaketi la kuokolea, akamfunga yeye mwenyewe mikanda, akamwambia ulale tu juu ya maji, kichwa chini, bahari inakubeba. Halafu akatuambia sote wawili, nikimnukuu kama nilivyomsikia, "Usiigombanie pumzi. Ipo. Vuta kidogokidogo."

Nikashuka tena.

Sijui nielezeje. Babu yangu mzaa baba alikuwa anatega madema, ile mitego ya samaki, kule Pangani, mimi nimekua na bahari, nimekula samaki kuliko nyama, Feri, soko la samaki la Dar, naenda kununua hata kwa kufumba macho, changu huyu, pono huyu, kangaja huyu, usinidanganye huyo wa jana. Kumbe hawa viumbe mimi niliwajua wakiwa wafu tu. Yaani umri wote huu sijawahi kumuona pono akiwa hai! Pono wa Feri amepauka, jicho limezama. Huyu wa Mnemba ni kijani inayogeuka buluu inayogeuka waridi kila akijipinda, na mdomo wake ule kama wa kasuku anauma jiwe, unasikia kabisa krrp, krrp, halafu anasogea mbele kidogo na nyuma yake linatoka vumbi jeupe. Ndo mchanga huo. Anatafuna matumbawe yaliyokufa anatafuta majani madogo madogo, anayoyasaga yanatoka mchanga, na sehemu ya ule mchanga mweupe tunaolalia kupiga picha imepitia tumboni mwa pono. Nilikuja kulisoma baadaye, ila kwa macho nilishaliona siku ile nikiwa nimening'inia juu yake kama mita mbili.

Nilinyoosha mkono nimguse, nikashika maji. Chini ya maji vitu vinaonekana vikubwa kwa kama theluthi na vinaonekana vimesogea, kwa hiyo unadhani unafika kumbe bado. Na kuna sauti nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuniambia ipo, kote kunapasukapasuka, mfululizo, kama karanga zinakaangwa kwenye chungu cha mbali. Ni kamba wadogo wanaopiga kucha zao huko kwenye mashimo ya mwamba, maelfu kwa maelfu. Ukijumlisha na pumzi yako mwenyewe kwenye mrija, haaa, huuu, ndo basi, hakuna simu, hakuna mtu anakuita, hakuna deni. Nikamuona babu. Sio kwa maono, namaanisha nilielewa alikuwa anaona nini kila alipozama kwenda kutazama madema yake, na hakuwahi kutuhadithia, au alihadithia na sisi tukawa tunasubiri samaki.

Hapo ningekuwa na simu mkononi ningeandika nyota tano, nawaambia ukweli.

Halafu nikasikia mashine ya boti. Maji yanapitisha sauti haraka zaidi ya mara nne kuliko hewa, masikio yako hayawezi kujua inatokea upande gani, unasikia tu inakuja na inakuja ndani ya kichwa chako. Nikainua kichwa, boti mbili za watu wengine zinakimbiza pomboo, moja inapita karibu yetu kiasi kwamba wimbi lake lilitumwagia maji kwenye mirija. Mdogo wangu hajui kuogelea! Na yule muongozaji tuliyemlipa atulinde yuko juu ya boti na simu za wageni anawapiga picha. Aliyepiga mluzi wa vidole viwili na kunyanyua pondo juu akiipungia ile boti ikwepe ni yule mzee.

Ndo nakumbuka tena na kingine. Mgeni mmoja miwani yake iliingia maji, muongozaji akampigia kelele kwa Kiingereza asimame pale kwenye jiwe airekebishe. Lile sio jiwe bwana. Lile ni tumbawe la duara, kiumbe hai, limefika kiunoni kwangu, na haya ya duara mengi yanaongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, fanya hesabu mwenyewe lina umri gani. Yule mgeni akasimama na mapezi yake akajizungushazungusha. Mzee akageuza uso akatazama baharini.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kuacha wazi.

Lakini ngoja, nisimalize bila huyu mama. Kwenye boti yetu kulikuwa na watu watatu wa skuba, wale wanaozama na mitungi ya hewa, na mmoja ni mama wa Kiholanzi, sitini na kitu, nesi mstaafu. Asubuhi pale ufukweni nilimuona anatembea na mkongojo, magoti yamekwisha, wakamshika mikono miwili kumpandisha. Alipotoka majini alipanda ngazi kidaraja kimoja kimoja, akafungua ule mkanda wa vipande vya risasi, madini mazito ya kumsaidia kuzama, ukagonga sakafu, akakaa, uso umejaa alama ya miwani, na anatabasamu peke yake. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu hichohicho, mama unafuata nini huko chini na magoti hayo? Akasema kule hana magoti. Akasema ukishajipanga vizuri huzami wala huelei, unavuta pumzi unapanda kidogo, unatoa unashuka kidogo, mwili mzima hauna kilo hata moja, na huo ndo muda pekee haumwi. Nikamwambia mimi ningeogopa. Akasema sheria ya kwanza kabisa ya mtungi ni moja tu, usizuie pumzi, maana mita kumi tu chini mgandamizo ni mara mbili ya juu, ukipanda umeibana hewa inatanuka ndani ya mapafu inakupasua. Pumua wakati wote, panda polepole.

Nikamtazama yule mzee anavuta nanga. Kitu kilekile alichotuambia yeye, bila cheti, na miwani ya tyubu ya baiskeli.

Na mtu wa namna hiyo ndo kapewa kazi ya kufua maji. Hili nalo linanikera kuliko hata miwani. Chumbe, kile kisiwa upande wa kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, mitungi hairuhusiwi, ni kusnokeli tu, na walinzi wa kwanza walichukuliwa wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa, na wanafunzi wa shule za Zanzibar wanapelekwa kule wakayaone matumbawe. Kwa hiyo inawezekana. Mvuvi anaweza kuwa yeye ndo anayekuonyesha, na mtoto wa hapa anaweza kuwa yeye ndo anayeonyeshwa. Sio kila mahali mzawa anakalishwa ngazini.

Tuliporudi Matemwe maji yameshaanza kupwa, tukashuka tukatembea, nikamfuata mzee nikamrudishia miwani, nikampa na kitu kidogo, akakataa, akasema kama unataka kununua kitu kanunue miwani yako. Yule kijana akatupitia akasema karibuni tena. Sikumjibu. Mdogo wangu akamjibu, asante kaka. Nilimkasirikia mpaka tunafika Nungwi, nikamwambia mtu amekudharau unamwambia asante, akaniambia dada mimi nimeona kasa, alipita chini yangu hivi, akanyoosha mikono kunionyesha upana, na mikono bado inatetemeka. Nikashindwa cha kusema.

Mkiniuliza kama mwende, Mnemba mwende, boti ya namna ile msipande, mkifika ufukweni yoyote ile pimeni miwani kwa pua kabla hamjatoa hela, na asiyejua kuogelea adai jaketi na mtu wa kuwa naye majini, sio kamba. Yangu nilinunua, ipo imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba. Mdogo wangu sasa anadunduliza hela ya skuba, ile ya siku moja ya kujaribu ambayo hawakushushi zaidi ya mita 12, na anataka kulekule. Nilisema sirudi. Nadhani kaskazi ijayo nitakuwa naye, kwa boti nyingine, ila nitamuulizia mzee.

Wekeni nyota mbili basi. Ya pili ni yake, wasiihesabu wao.