Uzoefu wangu: mtoto wa Ngamiani miaka minne Mount Holyoke

Mabinti wa fomu siksi hapa Tanga wananiuliza sana chuo cha wanawake huko Marekani kikoje, basi naandika mara moja nisichoke kurudia. Mie nimesoma Mount Holyoke, kiko South Hadley, Massachusetts, alikianzisha mwalimu Mary Lyon mwaka 1837, enzi ambazo vyuo vya kule karibu vyote vilikuwa vya wanaume.

Madarasa madogo, profesa anakujua kwa jina, na hapo ndo kazi ilipo, maana mie nimetoka kwenye kunakili ubaoni na kunyamaza, kule kuchangia darasani kuna maksi zake, semista ya kwanza nlikuwa natunga sentensi moja usiku naikariri, asubuhi naitema halafu natulia tuli kama sipo 😂

Ila mtihani jamani. Unachagua mwenyewe siku na muda ndani ya wiki ya mitihani, unapewa bahasha yako, unaingia chumba cha mtihani unafanya, msimamizi hakuna. Ni kiapo chako cha uaminifu tu. Mie niliyezoea kukaguliwa mpaka soksi kila saa nainua kichwa namtafuta wa kunitazama, mwenzangu pembeni anatafuna tufaha lake anaandika, hana habari.

Somo unalotaka halipo? Unapanda basi la bure unaenda kulisoma Smith, Amherst, Hampshire au UMass, vyuo vitano vimeungana.

Starehe zao sasa. Usiku bwenini kuna maziwa na biskuti. Siku moja ya vuli, hamwambiwi lini, kengele inagonga asubuhi masomo yamefutwa wote mlimani. Halafu Novemba, kumkumbuka muasisi, wa mwaka wa mwisho wanadamka alfajiri na baridi ile kwenda kula aiskrimu kaburini kwa Mary Lyon! Sie kaburini tunakwenda na Yasini. Nlipomsimulia bibi kwenye simu akanyamaza, kisha akauliza, "na wewe ulikula?" Nlikula bibi, ya vanila.

Ada ni kubwa mno, usidanganywe, kwa hiyo fomu za msaada wa fedha jaza pamoja na za kujiunga, usingoje ufike. Na koti kanunue hukohuko, mie nlibeba la mtumba nikaringa nalo mpaka eapoti, theluji ya kwanza tu nikajua nimebeba koti la mvua.