Unga wa zanthani wa kuongezea vinywaji uzito: miezi mitano nikimnywesha mume wangu

Kiharusi kilimpata mume wangu upande wa kushoto wa ubongo. Maneno yakapotea karibu yote, na kila akinywa maji anapaliwa. Tukashauriwa tuvitie vinywaji vyake unga wa kuviongezea uzito. Nimetumia aina mbili, na huu wa zanthani ndio ninaonunua mpaka leo.

Maji matupu hukimbia. Kwa mtu ambaye misuli ya koo imechelewa, yanafika kabla njia ya hewa haijajifunga. Kinywaji kizito hushuka taratibu, koo likapata muda.

Tulianza na unga wa wanga, nao ulitutesa. Nikiandaa glasi ni nyepesi, baada ya robo saa imekuwa gundi. Kisha kijiko kinachotoka mdomoni kinarudi na mate kwenye glasi, na mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Chini ya glasi kinywaji kinageuka maji tena, wala huoni. Zanthani hutengenezwa na bakteria wanaochachusha sukari, na mate hayaivunji. Glasi ya saa mbili ni ileile ya saa tatu. Maji hayawi meupe. Madonge yapo ukizembea: mimi natumia uma, namimina unga kidogo kidogo huku nakoroga, kisha naiacha glasi itulie. Maziwa huchelewa kushika kuliko maji. Mara ya kwanza nilidhani unga umegoma, nikaongeza kijiko, na baadaye nikakuta glasi haimwagiki hata nikiipindua. Subirini tu.

Lalamiko langu kubwa ni maelezo ya kwenye kopo. Yanasema vijiko kadhaa kwa "uzito wa wastani", basi. Wastani upi? Mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza ndiye aliyetufundisha kupima kwa madaraja ya IDDSI, yaani vipimo vya kimataifa vya uzito wa vinywaji na vyakula vya wenye shida ya kumeza. Chukua bomba la sindano la mililita 10 bila sindano wala kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Ikibaki kati ya mililita 1 na 4 ni daraja la 1. Kati ya 4 na 8, la 2. Zaidi ya 8, la 3. Isipodondoka kabisa, la 4. Bomba lenyewe lipimeni kwa rula: kutoka alama ya 0 hadi ya 10 pawe milimita 61.5, kwa maana mabomba hayafanani.

Nilipopima glasi niliyoiandaa kwa kufuata kopo, zilibaki mililita 9, yaani daraja la 3. Mume wangu aliandikiwa daraja la 2. Wiki nne nzima nilikuwa namnywesha kizito kuliko anavyohitaji, nikiamini kizito zaidi ndiyo usalama zaidi. Kumbe kilichozidi uzito hubaki kooni baada ya kumeza, na mtu huchoka kunywa. Midomo yake ilikuwa imekauka, mkojo umekoza rangi, na mimi nalaumu joto.

Hilo daraja la 2 lilipatikana kwa eksirei. Alimezeshwa vinywaji vyenye bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, tukaona kwenye skrini maji mepesi yakipita chini ya nyuzi za sauti. Hakukohoa hata kidogo. Nami nilikuwa nikihesabu vikohozi vyake kujua kama yuko salama! Kwa hiyo asiyefanyiwa kipimo asinunuliwe unga huu kwa kukisia.

Wala msiutegemee peke yake. Mtaalamu wetu alitueleza waziwazi juu ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wa watu 515 wenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) au Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa). Wengine walinywa vinywaji vizito, wengine vyepesi huku wameinamisha kidevu. Baada ya miezi 3, tofauti ya nimonia baina yao haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Ndiyo maana mazoezi ya kumeza hatujayaacha, na meno yake nayasafisha kila akimaliza kula, ili mate yakiteleza kwenda mapafuni yasibebe bakteria wengi.

Kuhusu ladha, mwenye kinywaji hawezi kusema, basi niliketi nikanywa glasi nzima ya maji yake. Hayana ladha mbaya, ila yana utelezi unaobaki ulimini, na kiu haikatiki sawasawa. Kila anayemhudumia mgonjwa anywe glasi moja. Ule wa wanga, funda la tatu alikuwa akinishika kifundo cha mkono na kusema "la", neno mojawapo kati ya machache aliyobaki nayo. Huu wa zanthani, yakiwa baridi sana, anamaliza.

Nyota nne kwa unga, mbili kwa maelezo ya kopo. Wiki iliyopita amepimwa tena, ameshuka daraja la 1. Nimepunguza vijiko, na bomba la sindano bado liko karibu na glasi yake.