Mama yangu, kiroba chake na treni ya umeme

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nikasubiri wiki nzima ipite. Wiki imepita na hasira iko pale pale, basi naandika nayo.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kuichukia treni hii ya umeme ya Dar na Morogoro. Nafanya kazi Dar, watoto wangu wako Morogoro na baba yao. Karibu kila Ijumaa jioni naenda, Jumatatu alfajiri narudi. Zamani hayo yalikuwa maisha ya basi. Ukitoka kazini unakimbilia Mbezi, Kibaha foleni, Mlandizi malori, na ukishukuru kwamba umevuka Chalinze unakuta Mikese kuna ajali. Unashuka Msamvu usiku mkubwa, viatu havivuliki kwa miguu ilivyovimba, na watoto wamelala tangu saa ngapi. Treni ilipoanza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024 sikungoja mtu anisimulie. Shilingi 13,000, haifiki saa mbili umefika. Ijumaa yangu ya kwanza niliingia nyumbani watoto bado wanakula. Yule mdogo akanitazama akaniuliza, "Mama, leo hukwenda kazini?"

Kwa swali hilo tu nimekuwa mtetezi wa treni hii mbele ya kila mtu. Hata mwisho wa Julai mwaka ule, safari ziliposimama na ikaelezwa kwamba bundi na ngedere wameleta hitilafu kwenye umeme, wenzangu kazini walicheka mpaka machozi. Mimi nilinuna. Niliwaambia kitu kipya lazima kisumbue kidogo, kipeni muda. Nilinuna kama vile waliyekuwa wanamcheka ni ndugu yangu.

Sasa nisikilizeni.

Mdogo wetu wa mwisho kajifungua mtoto wa kiume, Tabata, uzazi wa kwanza. Kwetu Uluguruni, na naamini kwenu pia, mzazi wa kwanza haachwi peke yake. Mama yake anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anamwogesha mtoto mpaka kitovu kidondoke. Mama yetu anaishi Kinole, kule milimani. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na habari za treni ya umeme alikuwa anazisikia kwenye redio tu. Nilipomwambia safari hii hatupandi basi, alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaniuliza inafaa kuvaa nini.

Alivaa gauni la kanisani na kitenge kipya juu yake. Mzigo wake ulikuwa kiroba kimoja tu. Ndani mlikuwa na pilipili manga aliyoichuma na kuianika mwenyewe, mdalasini, mchele kidogo na ndizi mzuzu za kumpikia mzazi. Kuku wawili aliokuwa amewatenga aliwaacha mwenyewe bila kuambiwa na mtu, alisema kuku hawezi kukaa na watu kwenye treni nzuri. Kiroba kilikuwa kipya, cheupe, alikishona mdomo kwa kamba ya katani kwa mkono wake. Jioni tulikipima kwa muuza mchele jirani yangu, kikawa chini kabisa ya uzito unaoruhusiwa. Nasisitiza hili kwa sababu najua kuna watakaosema sisi ndio tulivunja utaratibu.

Asubuhi tukafika stesheni hata hakujapambazuka sawasawa. Kwenye ukaguzi wa mizigo alikuwepo kijana. Jina lake silitaji, na aliyemwajiri simtaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua. Mama akasimama mbele yake, uso umekunjuka, anatabasamu. Mnajua wazee wetu wanavyosimama mbele ya kijana, kwamba marahaba wameshaitayarisha mdomoni wanasubiri tu kuitoa. Nilimwona kabisa. Midomo ilishajipanga.

Shikamoo haikuja.

Kijana aliangalia kiroba. Hakumwangalia mama, aliangalia kiroba. "Hiki hakipandi." Nikamwuliza kwa nini, uzito si uko sawa? Akasema, "Siyo uzito. Viroba havipandi. Hii siyo treni ya mizigo, bibi. Kapandeni ile ya zamani."

Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ni chakula cha mzazi."

Akapunga mkono kuita wa nyuma yetu. Aliyekuja ni bwana mmoja na sutikesi mbili, moja inamfika kiunoni, akapokewa kwa "karibu bosi" na sutikesi zikapita zikibiringika. Sina ugomvi na yule bwana, kalipa nauli kama sisi. Lakini naomba mtu anieleze kwa lugha yoyote, sutikesi ile na kiroba cha mama yangu, ni kipi kilichukua nafasi kubwa zaidi ndani ya behewa?

Nilianza kupandisha sauti. Nakiri nilisema maneno ambayo mama aliniminya mkono niyaache. Dakika zinakwenda, mlango wa kuelekea kwenye treni unakaribia kufungwa. Aliyetuokoa ni dada mmoja mfanyabiashara aliyekuwa nyuma kwenye foleni, anakwenda Kariakoo kuchukua mali. Kwenye mkoba wake alikuwa na shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa safari, limekunjwa, tupu, la kurudia na mzigo. Akalikunjua, akasema, "Mama, tia humu." Tukachuchumaa wanawake watatu sakafuni, tukakata kamba, tukahamisha ndizi, mchele, vifurushi vya pilipili manga, kila kitu. Nikataka kumlipa, akakataa. Aliomba pilipili manga ya kujaa kiganja, mama akampa viganja viwili.

Tukarudi kwa kijana yule yule na ndizi zile zile, mchele ule ule, uzito ule ule. Akatupitisha. Hakuuliza hata swali moja.

Mpaka leo ndilo linalonichoma. Kama ndizi zina kosa, zina kosa popote zilipo. Kama kosa ni vumbi, angesema futa vumbi, na vumbi lenyewe halikuwepo. Alichokikataa ni sura ya mtu anayebeba kiroba. Baadaye niliwauliza wahudumu wengine wawili, kwa siku tofauti, kama kweli viroba haviruhusiwi. Mmoja alisema vinaruhusiwa vikiwa visafi. Wa pili alisema inategemea nani yuko zamu. Sasa inawezekanaje safari ya mama wa miaka sabini ikategemea nani yuko zamu?

Na hilo la "ile ya zamani" lilinikaa vibaya kwa sababu nyingine. Reli hiyo anayoitupa kwa mdomo, Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, mwaka 1907 ikafika Morogoro, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ndiyo iliyomchukua mama yangu akiwa binti kwenda kuolewa Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nilisoma Tabora, na ni daraja la tatu la treni hiyo lililonipeleka na kunirudisha. Siitetei, jamani. Kunguni walitutafuna. Taa zilizimika, choo kilikuwa cha kuziba pua, na mwaka mmoja maji yalikata njia kule Gulwe tukalala ndani ya behewa siku mbili na biskuti zimeisha. Ilipozeeka ilizeeka kweli, na waliosema tunahitaji nyingine walisema haki. Ila sikuwahi kuona mtu anafukuzwa kwa ajili ya kiroba. Treni yenyewe iliishi kwa viroba! Ikisimama Saranda kuku wanapita dirishani, ukitoka Tabora dumu la asali liko miguuni, mzee usiyemjua analaza kichwa kwenye gunia lako la karanga na hamna neno. Siombi kuku warudi dirishani. Madirisha ya sasa hayafunguki, na kwa mwendo ule ni haki yasifunguke. Ninachosema ni kwamba watu ni wale wale, mizigo ni ile ile, na safari ni zile zile za uzazi na misiba.

Tukapanda. Na hapa nitasema ukweli hata kama unaharibu hasira yangu. Ndani ni pazuri. Mama alikaa dirishani, akashika kiti kwa mikono miwili akisubiri ule mshtuko wa zamani, behewa linapovutwa na wote mnakwenda mbele mnarudi nyuma. Haukuja. Akaangalia nje, akaniambia, "Mbona milima inaondoka?" Ilikuwa ni sisi tunaondoka, kimya kimya, na jua linaanza kupiga vilele vya Uluguru. Alinishika paja akaacha mkono wake hapo. Mwaka na zaidi wa kupanda treni hii sikuwa nimewahi kuitazama milima ile ikiondoka, kwa sababu mimi nikikaa tu nalala.

Halafu akapita mhudumu, binti mdogo, labda ishirini na mbili au tatu. Akasimama kwenye kiti chetu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Marahaba ya mama ilitoka kwa nguvu mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka. Binti akamwuliza kama baridi haimsumbui, akamwonyesha choo kilipo, akamwambia tukifika asihangaike na mzigo, atasaidiwa kuushusha. Na kweli alikuja akausaidia.

Tulipopita Ngerengere nilishasamehe kila kitu. Nilikuwa naandika kichwani maoni mengine kabisa, ya kumsifu binti yule, na ya kijana nikawa nimeyapunguza mpaka sentensi moja. Nikasema moyoni labda alilala vibaya, labda ana mgonjwa nyumbani, labda mabosi wake ndio waliompa amri. Sote tuna asubuhi mbaya.

Karibu na Ruvu mama akaniuliza, bila kugeuza uso kutoka dirishani, "Hivi, kiroba changu kilikuwa kichafu?"

Yaani saa nzima ile. Mimi nafurahia kiyoyozi, nimeshamsamehe mtu kwa niaba yake, na yeye saa nzima alikuwa anakikagua kiroba chake kichwani, anatafuta doa. Nilimwambia kilikuwa kisafi, mama, kilikuwa kipya. Akasema, "Nilikifua hata hivyo. Kipya lakini nilikifua."

Sikusema tena mpaka Pugu. Hata tulipoingia Dar, treni inapita juu ya daraja lile refu la Ilala na mapaa ya mabati yako chini yako, sehemu ambayo nilikuwa nimepanga kumwonyesha, nilishindwa kufungua mdomo. Alijionea mwenyewe. Akasema mji umekuwa mkubwa.

Kwa hiyo mkiniuliza treni ni nzuri, ni nzuri. Mkiniuliza nitaacha kuipanda, siwezi, watoto wangu wamezoea kula na mimi Ijumaa. Lakini ile hali ya kuitetea kazini, ya kununa ikichekwa, imenitoka na sijui kama itarudi. Nilikuwa naiita treni yetu. Siku hizi najisikia nikisema "ile treni".

Na kama utaratibu wa viroba upo, uandikwe. Uandikwe kwenye tiketi, ubandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mzee ataziona, tuujue tangu nyumbani, tununue mabegi. Mama angenunua begi. Angeuza kuku mmoja akanunua begi. Na kama haupo, basi kuna mtu anajitungia sheria pale mlangoni na kuwapima nayo wazazi wetu, tena bila shikamoo. Kwa nini hili la shikamoo halifundishwi kabla mtu hajapewa sare, mimi sielewi. Halina gharama hata senti.

Kinachonishangaza ni mama mwenyewe. Juzi nilimsikia anaongea kwa simu na shangazi yetu wa Kinole. Akamsimulia kila kitu: viti, ubaridi, milima inavyoondoka, binti aliyepiga goti, dada wa Kariakoo na pilipili manga yake. Kijana hakumgusa hata kidogo. Nilipomwuliza mbona humsemi, aliniambia nikamwangalie mtoto, anaamka.

Kiroba chenyewe alikikunja siku ile ile pale sakafuni akakitia kwenye mkoba wake, hakukitupa. Nimemwomba anipe. Ijumaa hii naenda nacho Morogoro, na Jumatatu alfajiri nitakijaza ndizi mzuzu za mzazi, nitakishona kwa kamba ya katani kama alivyokishona yeye, nipite nacho mlango ule ule.