Nyumba ya Wageni Wete: Maoni ya Mama Mchuuzi

Kila msimu wa karafuu, wachumaji wanapoanza kushika fedha, huvuka kutoka Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, nikiwa na korja 6 za khanga (kila korja ni ishirini), na safari hii, nikiwa na mwanangu wa miezi 9, nilifikia katika nyumba moja ya wageni mjini Wete. Mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alinipa chumba cha chini ili nisipandishe mizigo ngazini, na kila alfajiri alimpikia mtoto uji wa mchele (bila ya kuombwa) kabla hatujatoka kuelekea vijijini. Maji ya mfereji hukatika mchana, jambo linalomtaabisha mwenye nguo za mtoto za kufua. Hata hivyo, chumba hicho nimeshakiomba kwa msimu ujao.