Rangi na tochi ya UV ya kutafutia oili inapovujia: uzoefu wangu kwenye IST

Wakuu, kama una gari ya injini ya 1NZ, iwe IST, Raum, Spacio, Probox au Premio ya cc 1500, na inavuja oili ule upande wa belti, na ushabadilishiwa krenki sili (ule mpira unaozuia oili pale krenki inapotokeza nje) lakini asubuhi bado unakuta doa chini, hii inakuhusu sana. Nataka niongelee kitu kimoja nilichonunua, rangi ya kuweka kwenye oili, inayong'aa ukiimulika, pamoja na tochi yake ya mwanga wa UV, mana ndo kilichomaliza ugonjwa ambao hela zangu zote za gereji zilishindwa kuumaliza.

Gari yangu ni IST ile ya kwanza, NCP61, injini 1NZ-FE. Haikuwa inamwaga oili kama bomba, hapana, ilikuwa inalia taratibu, yani unapaki usiku asubuhi unakuta matone kwenye sakafu, ukipiga magoti ukachungulia unaona sampo yote (lile bakuli la oili chini ya injini) imelowa, puli ya krenki imelowa, mpaka kwenye gia boksi kuna oili na vumbi vimegandana. Dipstiki inashuka kidogo kidogo, kila baada ya muda naongeza. Na harufu ile ya oili kuungua ukisimama kwenye foleni ya Mandela au Buguruni, nayo ilianza kunitia wasiwasi, mana oili ikifika kwenye ekzosti ya moto huo sio mchezo, moto wa gari unaweza kuanzia hapo hapo.

Sasa tatizo la oili ni kwamba ikishatoka nje haikai pale ilipotokea. Inatembea. Inashuka kwa kufuata ukuta wa injini, ikikuta bolti inazunguka, ikifika kwenye puli ya krenki ile puli inazunguka kwa kasi inairusha huku na huku, af ukiwa barabarani upepo wa chini unaisukuma nyuma, kwa hiyo fundi akilala chini ya gari anaona sehemu zote zimelowa na anataja ile anayoizoea. Wa kwanza aliniambia krenki sili, nikalipa, ikabadilishwa, ikaendelea kuvuja. Mwingine akasema gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, nikalipa, ikapungua kidogo ikarudi. Mwingine akasema nitumie oili nzito, 20W-50, itaacha yenyewe. Wa mwisho akaniambia injini imechoka nitafute injini nyingine ya Japani. Injini ambayo haitoi moshi, haina mlio, inawaka kwa mara moja! Hapo ndo nikasema haiguswi tena gari hii na mtu mpaka nijue kwa macho yangu oili inatokea wapi.

Kuhusu ile oili nzito niseme kabisa, mimi sikubaliani nayo kwenye hizi injini. 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, na VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo sana, kiwandani walipendekeza 5W-30, ukiweka uji mzito humo unatibu doa la sakafuni unaumiza kitu kingine ndani. Na ile dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja nayo niliwahi kuitia, siitaji jina. Kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha mipira iliyokauka, kuna sili inaweza kusaidia, ila mpira uliokwisha kabisa hauurudishi, na sehemu iliyozibwa kwa silikoni haiifanyi chochote. Kwangu haikubadilisha kitu.

Haya, kifaa chenyewe. Niliagiza mtandaoni, elfu 45 mpaka mlangoni, ndani ya kipakiti kuna vichupa viwili vya rangi, tochi ndogo na miwani ya njano. Kichupa kimoja ni kama mililita 30 na kinatosha injini ya lita nne hivi, 1NZ inabeba lita 3.7 ukibadili na filta kwa hiyo kimoja kinatosha kabisa, kingine nimekiweka. Unakimimina tu pale unapojazia oili. Haibadilishi unene wa oili na haihitaji kumwaga oili iliyopo, hilo nililipenda.

Tochi ndo sehemu dhaifu ya hiki kipakiti. Ni ya mwanga wa nanomita 395, kwa hiyo inatoa zambarau nyingi inayoonekana, kila kitu cheupe kinang'aa, na ukiitumia mchana hauoni kitu. Za 365 ni ghali zaidi lakini zinaficha ile zambarau na rangi inaonekana kali. Kwa matumizi ya nyumbani hii ya 395 inatosha, mradi usubiri giza na uvae ile miwani, usiidharau miwani, nilijaribu bila miwani na nikiwa nayo, tofauti ni kubwa mno. Na usiielekeze machoni, wala usiwape watoto wachezee, huo mwanga sio wa kuangalia.

Kitu ambacho karatasi ya maelezo imekitaja kwa mstari mmoja tu, na mimi nasema ndo nusu ya kazi yote, ni kuosha injini KWANZA. Oili ya injini hata bila rangi ina kung'aa kwake kidogo kwenye UV, na kulanti ya kijani (ile ya rejeta) nayo inang'aa vizuri tu, kwa hiyo ukianza na injini chafu utaona nyota kila mahali ukachanganyikiwa. Nilifunika altaneta na koili za plagi kwa mifuko ya nailoni, nikapuliza dawa ya kuondoa grisi injini ikiwa imepoa, nikasugua kwa brashi, nikasuuza kwa maji ya taratibu, sio yale ya presha, af nikaiacha ikauke. Chini nilifuta kwa matambara na brek kilina. Hapo gari ilikuwa juu ya stendi mbili wakuu, sio juu ya jeki, ile jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi tu, usiingize kichwa chako chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Nikatia rangi, nikazunguka na gari kama nusu saa ili oili ipate moto na izunguke, nikarudi, nikaiacha iungurume silensa kidogo bila kukanyaga mafuta, nikazima. Usiku taa za nje zote nikazima.

Nilianzia chini kwa krenki sili, kwa sababu ndo iliyolipiwa hela nyingi. Pembeni ya sili pamekauka kabisa, hakuna kitu! Puli ina vitone vya juu juu tu. Nikapandisha tochi polepole kwenye timing kava, kifuniko cha mnyororo wa injini, nikakutana na uzi mwembamba wa kijani kinachoelekea njano, unang'aa, umenyooka kutoka juu. Nikaufuata, ukapinda kwenye bolti moja, ukaendelea, mpaka ukaishia chini ya ile vali ya oili ya VVT, kile kidude cha mviringo chenye soketi ya waya, kiko kwenye kichwa cha silinda upande wa mnyororo, kimeshikwa na bolti moja tu namba 10. Pale kinapoingia kwenye kichwa cha silinda palikuwa na pete nzima inang'aa kama mwezi, na katikati yake tone linajikusanya. Niliguswa sana pale, mana hela zote zile, kumbe kazi ilikuwa oringi moja, kipete cha mpira.

Pia kulikuwa na nukta ndogo kwenye kona ya tapeti kava, pale pale timing kava inapokutana na kichwa cha silinda. Hii nayo ina sababu yake na inabidi muijue. Pale pana vyuma viwili vinakutana, kwa hiyo kuna kamstari kadogo ambako gasketi peke yake haiwezi kukaziba, kiwandani wanaweka tone la silikoni kwenye hizo kona mbili kabla ya kulaza gasketi. Fundi aliyeibadilisha aliweka gasketi mpya bila hilo tone. Gasketi haikuwa mbaya, kona ndo ziliachwa wazi.

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko kutafuta. Oringi: injini ikiwa ya baridi unachomoa soketi ya waya kwa utaratibu, ile plastiki ikizeeka inakatika kirahisi, unafungua bolti, unaizungusha vali kushoto kulia huku unaivuta kwa mwili wake, sio kwa soketi. Oringi ya zamani iliyotoka ilikuwa ngumu kama plastiki, nilipoikunja ikakatika vipande viwili mkononi. Mpya nilienda kuichukua Kariakoo kule Gerezani nikiwa na ile ya zamani mfukoni kama sampuli. Hapa kuweni makini, msikubali kupewa oringi yoyote inayofanana saizi, kuna mipira ya kazi za maji, ikikutana na oili ya moto inavimba na kuoza, omba inayostahimili oili na joto, na kama unapata jenuini chukua hiyo, bado ni elfu chache. Ipake oili safi, sukuma vali mpaka ikae, funga bolti kwa mkono wa kawaida, ni bolti ndogo imeingia kwenye aluminiamu, ukiikaza kwa nguvu zote utakula nyuzi.

Tapeti kava nilifungua koili na hozi zake, nikatoa bolti, nikakwangua mabaki kwa kipande cha plastiki ili nisichune aluminiamu, nikafuta kona kwa brek kilina mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Silikoni haishiki kwenye oili, hata tone dogo likibaki unafanya kazi bure. Nikaweka silikoni nyeusi kiasi cha punje ya mahindi kwenye kila kona, basi. Zile gereji za kupaka silikoni mzunguko mzima mpaka inamwagika nje, ujue kiasi hicho hicho kimemwagika na ndani, kinakatika vipande vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili kule kwenye sampo, na hapo ndo injini inakufa kweli. Gasketi mpya, bolti unakaza kwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa raundi, mwisho ni kama Nm 10, kama una toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) tumia. Nikaliacha gari lilale siku nzima ili silikoni ikauke sawasawa, pakiti ilisema masaa 24.

Nikiwa hapo nikaangalia na vali ya PCV, ile inayopumulia injini. Ukiitingisha inatakiwa igonge ndani. Yangu ilikuwa kimya, imejaa masizi. Hii ikiziba presha inabaki ndani ya injini na inatafuta pa kutokea kwenye sili yoyote iliyo dhaifu, kwa hiyo unaweza kubadilisha sili leo na kesho ikavuja tena sili nyingine. Niliweka mpya. Kwa mtu ambaye gari yake kila sili inalia kwa zamu, ningeanzia hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Nikaosha tena, nikaendesha, nikarudi na tochi usiku. Uzi haupo. Nimeendelea kumulika kila baada ya muda, timing kava imekauka, sampo imekauka, dipstiki inakaa pale pale, na harufu kwenye foleni imeisha. Ile rangi inabaki kwenye oili mpaka utakapoimwaga, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kufuatilia bila kununua nyingine.

Je nakushauri ununue? Kama oili inavuja na unaiona wazi inapotokea, mfano drein plagi (bolti ya kumwagia oili) au filta, hapana, okoa hela yako. Kama imewazungusha mafundi, nunua bila kujiuliza, na hata gari ukiipeleka gereji nenda nayo ikiwa na rangi na umuoneshe fundi usiku au kwenye banda la giza, hatakuwa na la kubahatisha. Kama elfu 45 haipo kabisa kuna njia ya poda ya mtoto: osha, kausha, pulizia poda eneo lote unaloshuku, endesha kidogo, oili itachora njia yake kwenye ule weupe. Niliijaribu baadaye pale kwenye kona ya kava kwa ajili ya kuhakiki na inafanya kazi, ila kwenye sehemu ya juu tu, huku chini poda inapeperushwa yote na upepo.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya tochi, na kifuniko cha betri kilianza kulegea mapema. Na wakati wa kununua soma chupa vizuri, kuna rangi ya AC, kuna ya kulanti na kuna ya oili, zinauzwa kwenye vipakiti vinavyofanana kabisa. Ya injini lazima iwe imeandikwa ni ya oili.